Anayefukuzwa Nchini Naye Asikilizwe



Nikodemo aliwauliza Mafarisayo wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Swali hilo latuhusu. Mwezi Septemba 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu waliondolewa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Wengi walikuwa wameishi nchini miaka mingi, wameoa na kuolewa na Watanzania. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, wala siwatetei majambazi walioitesa mikoa hiyo. Nauliza tu: nani alisimama upande wa yule aliyesema, "Mimi ni wa hapa"?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 humwezesha hakimu, katika kesi ya jinai, kuagiza mshitakiwa maskini apatiwe msaada. Lakini anayeondoshwa kwa amri ya kiutawala aweza kufikishwa mpakani bila kumwona hakimu. Msaada wamngojea mahakamani, naye hafiki huko. Hali Katiba, ibara ya 13(6), yataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu mbele ya mahakama au chombo kingine chochote kinachoamua haki zake. Huko Marekani, jiji la New York lilianza mwaka huohuo wa 2013 kuwalipia mawakili wahamiaji maskini walio kizuizini.

Mtu mmoja aliyeeleza kuwa ni mzaliwa wa Butiama, mwenye pasipoti ya Tanzania, alifukuzwa mwaka 2014 kwenda Kenya. Kenya nayo ikamrudisha. Akakwama Sirari, kati ya nchi mbili. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika, Arusha, ilimpa haki: mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia ulikuwa wa serikali. Novemba 2019 serikali yetu ikatangaza kuliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Ninyi wasaidizi wa kisheria hamruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Mwaweza, hata hivyo, kufika kituoni siku ileile, kuomba kuiona amri yenyewe, kumtafutia wakili, na kukusanya kadi ya kliniki, cheti cha shule na ushahidi wa wazee waliomwona akizaliwa. Kwa Wakristo, daftari la ubatizo lina tarehe na majina ya wazazi. Makatibu wa parokia wayatunze madaftari hayo mbali na mchwa.