Kipimo cha Kanzu

Sisi ni baba na mama wa hapa Ngoingwa, Thika, ila sasa twakaa Uingereza, na tumekuja likizo. Tulipoombwa kusema machache redioni tulikubali upesi, kwa kuwa tunalo deni. Mwishoni mwa mwaka 2023 nyanya yake kijana wetu alisimama kanisani akatoa sadaka ya shukrani, kwamba mjukuu wake amekuwa namba tatu katika shule ya Wazungu. Wengi wenu mlipiga makofi. Leo twataka kuwaambia ukweli wa ile namba tatu.

Tuliondoka Agosti 2022. Mwaka ule Uingereza ilikuwa imewafungulia mlango watunzaji wa wazee kutoka nchi za nje, nasi tukaingia pamoja na Wakenya wengi. (Mlango huo umekwisha kufungwa tangu 2025, msije mkauza shamba.) Kijana wetu alikuwa darasa la nane, amebakiza miezi mitatu tu afanye KCPE, na moyo wake wote ulikuwa Mang'u. Twakumbuka tulivyohuzunika kuuacha mtihani ule. Kumbe kule hawakuuliza habari za mtihani. Waliuliza tarehe ya kuzaliwa. Mtoto huwekwa pamoja na wa umri wake, basi. Naye kwa miaka yake kumi na mitatu akatiwa mwaka wa 9, yaani mwaka wa tatu wa sekondari. Hapakuwa na karo, wala sanduku la bati, wala godoro la kubeba. Tukasema mioyoni, neno hili ni rahisi.

Hapo ndipo tulipolala usingizi. Huku kwetu shule husema na mzazi kwa sauti kubwa. Karo ikichelewa, mtoto hurudishwa nyumbani. Akianguka, namba yake darasani hujulikana hata na jirani. Kule hatukuona namba hiyo. Shule ilituandikia, naam, tena kila wiki, barua ndefu ndani ya simu. Nasi tulikuwa tukitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, macho mazito. Tukafikiri, pakiwa na shida tutaitwa. Hatukuitwa. Tena tuseme kweli, tuliona haya. Mkutano wa wazazi ukitangazwa, mama alisema matamshi yake yatachekwa, na baba alisema yuko kazini. Kijana mwenyewe hakutuhimiza.

Ndipo ripoti ikaja, na mbele ya hesabu paliandikwa 3. Sisi tulisoma zamani, tukijua kwamba moja ndiyo kichwa cha darasa. Tukapiga simu Ngoingwa usiku uleule. Wapendwa, kule 9 ndiyo ya juu, na 1 ndiyo ya mwisho. Kijana alijua. Aliketi pale pale akitusikia tukimpa nyanya yake habari njema, akanyamaza.

Tulifumbuliwa macho Novemba 2024, mwaka wake wa mwisho kabla ya mtihani. Mama mmoja Mganda wa kazini alituuliza, "Mtoto wenu yumo katika karatasi ya juu au ya chini?" Hatukuelewa. Akatueleza polepole, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga viatu. Mtihani wao uitwao GCSE, katika hesabu, una ngazi mbili. Anayefanya karatasi ya chini, hata akijibu yote sawasawa, hawezi kupita 5. Sayansi ni vivyo hivyo. Kijana wetu, aliyetaka uhandisi tangu utoto, alikuwa ngazi ya chini katika zote mbili.

Usiku ule tulimkumbuka Hana. Alimwacha Samweli Shilo akingali mdogo, katika nyumba ya mzee Eli, na mnajua wana wa Eli walikuwa watu wa namna gani. Hana hakuweza kukaa huko. Lakini kila mwaka alipanda na mumewe, akampelekea mtoto kanzu ndogo aliyomshonea. Habari hiyo tumeisoma mara nyingi na kuipita. Lakini je, alijuaje kipimo? Mtoto hukua, kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Twadhani alimsimamisha mbele yake akampima mabega, akawauliza waliokaa naye. Na sisi tulikuwa na wetu chini ya paa moja.

Basi tukaenda. Kila mwalimu alikuwa na dakika tano za kusema nasi, saa ikitazamwa. Mama alivaa sare ya kazi kwa kuwa alitoka hapo kwenda zamu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa hesabu alisema, "Nimekuwa nikiwangoja tangu mwaka jana." Akaahidi kwamba kijana akifanya vema majaribio ya Januari, atamhamisha. Akahamishwa. Katika sayansi tuliambiwa tumechelewa. Agosti 2025 majibu yalitoka: hesabu 6, sayansi 5 na 5. Shule aliyotaka kuendelea nayo kusomea fizikia haikumpokea. Sasa yuko chuoni, anajifunza ufundi wa umeme. Anaupenda kiasi. Hatutawadanganya kwamba ndilo alilolitaka.

Juzi tulipomweleza nyanya yake, alitazama chini kitambo, kisha akauliza, "Na ile sadaka yangu?" Tukacheka naye, na machozi yakatutoka.

Ninyi mlio hapa msituhurumie mno. Januari 2026 watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za juu, kila mmoja na njia yake kati ya tatu: sayansi na uhandisi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Sisi tuliosoma 8-4-4 ni wageni hapo bila kuvuka bahari. Wiki hii mzazi mmoja jirani alituambia, "Mtoto alijichagulia, mimi sijui ni nini." Mzazi mwenzetu, kama unatusikia, shule haiko mbali. Nenda kesho, hata na viatu vya shamba.

Binti yetu mdogo yuko mwaka wa 8 kule. Juma tutakalorudi pana mkutano wa wazazi. Tumekwisha kuandikisha jina: saa kumi na dakika arobaini, mwalimu wa sayansi kwanza. Mtuombee saa hiyo.