Mgonjwa Asingoje Ruhusa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri ya chama ilinitaka niseme nanyi juu ya namna ya kumpeleka mgonjwa hospitali, na jinsi jamaa zake wawezavyo kumfaa akiwa huko. Nimefanya kazi ya utabibu kwa miaka mingi katika pande hizi za Meru na Embu, na sasa nimestaafu. Sitayasema yote, maana wakati hautoshi. Nitaanza na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko mengine, nalo ni ruhusa.

Zamani kilichomchelewesha mgonjwa kilikuwa njia. Siku zile Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alipofika Chogoria, mwaka 1922, mgonjwa wa mbali alichukuliwa kwa machela, akivushwa mito na kupandishwa vilima, wachukuzi wakipokezana. Baadaye Wamethodisti wakajenga Maua, Wakonsolata wakajenga Nkubu, na Serikali ikazikuza hospitali za Embu na Meru. Leo barabara ya lami yatoka Embu, yapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hata mjini Meru, na pikipiki hufika penye vichochoro ambavyo gari halivijui. Hata hivyo mgonjwa bado achelewa. Mara nyingi hachelewi njiani. Achelewa uani, watu wakiulizana ni nani aseme neno.

Mtazameni mama aliyejifungua nyumbani usiku, na damu ikawa haikatiki. Mume yuko Nairobi kikazi, na simu yake haipatikani. Mama mkwe asema tungoje kidogo, huenda ikakoma. Shemeji asema hawezi kumtoa mke wa ndugu yake nyumbani bila mwenyewe kujua. Mwenye gari ataka ajue atalipwa na nani. Wote hao ni watu wa heshima, wala hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja. Lakini mama avujaye damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili. Toeni humo nusu saa ya kutafuta gari, kisha toeni saa nzima ya barabara ya vumbi kutoka kule chini Tharaka au Mbeere, ndipo mtakapoona ni dakika ngapi zimebaki za kufanya mashauri.

Mzee mmoja alipata kuniuliza, niliposema maneno kama haya barazani, kama nataka kuwanyang'anya wazee nyumba zao. Nikamjibu, na leo nawajibu ninyi pia, kwamba sivyo. Mzee atoaye neno lake mapema hajapoteza mamlaka. Ameyatumia mahali yanapofaa. Wala daktari hangoji neno hilo. Kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ridhaa ya matibabu ni ya mgonjwa mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Na akiwa hawezi kusema, na maisha yake yamo hatarini, daktari aruhusiwa kumtibu. Basi neno lenu halihitajiwi kule hospitali. Lahitajiwa na mama mkwe na shemeji, usiku ule, pale uani, ili wasiogope kulaumiwa kesho.

Kwa hiyo naomba kila mwenye nyumba aseme mbele ya watu wake wote, tena kwa maneno wazi, ya kuwa awepo au asiwepo, mtu wa nyumba yake akipatwa na hatari apelekwe hospitali mara moja, na asilaumiwe aliyempeleka. Hatari hizo zijulikane. Mama mjamzito au mzazi akitoka damu, akishikwa na kifafa, akiumwa kichwa sana huku macho yakiona giza, au uchungu wake ukipita usiku kucha mtoto asizaliwe. Mtoto mchanga akikataa kunyonya. Mtoto mkubwa kidogo akihema mbio hata mbavu zikabonyea ndani, au akidegedega. Mtu mzima akipindika mdomo ghafula, mkono ukalegea na ulimi ukawa mzito: hilo si pepo wala kurogwa, ni kiharusi, na dawa yake hufaa zaidi katika saa chache za kwanza. Kadhalika maumivu makali ya kifua yanayoshuka mkononi.

Kwa ndugu zetu wa Mbeere na Tharaka naongeza nyoka. Msichanje jeraha, msilinyonye, msilifunge kamba ya kukaza hata damu ikasimama. Mtulizeni aliyeumwa, kiungo kile kisitikiswe, mvueni pete na bangili kabla hakijavimba, mkampeleke. Kumtafuta nyoka ili aje naye hospitali ni kazi bure, tena yaweza kuwapatia mgonjwa wa pili.

Sasa apelekwe wapi? Kwa kikohozi, homa ya kawaida, au kidonda, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu chatosha, na waliojiandikisha katika mpango wa serikali hutibiwa huko pasipo kulipa. Si busara kumpandisha basi mtu mwenye mafua mpaka hospitali kuu ya Embu au Meru, akakae kwenye foleni tangu asubuhi hata jioni, akiwachelewesha waliozidiwa. Lakini hatari zile nilizozitaja zataka hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza. Ulizeni leo, mngali wazima, ni hospitali gani iliyo karibu nanyi yenye vitu hivyo, na ni nani mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku wa manane. Mkipewa barua ya rufaa, ishikeni kama mshikavyo hati ya shamba. Ndiyo imwambiayo daktari wa pili yale aliyokwisha kuyafanya wa kwanza, na pasipo hiyo mgonjwa huanzishwa upya.

Tena mwangalie nani wa kufuatana na mgonjwa. Desturi yetu ni kumtuma mwenye cheo, aliyevaa koti zuri na ajuaye kusema na wakubwa. Daktari amwulizapo mgonjwa alianza lini kutapika, bwana huyo hajui, maana hakulala nyumba hiyo. Mtumeni yule aliyekesha na mgonjwa, hata akiwa ni msichana wa shule. Achukue kitambulisho, daftari la kliniki ikiwa ni mama au mtoto, na dawa zote zilizomo nyumbani katika mfuko mmoja. Nasema zote, pamoja na mizizi na majani ya mganga. Mimi sikuja hapa kugombana na waganga. Lakini dawa mbili zisizojuana tumboni zaweza kuua figo, na daktari hawezi kunusa alichofichwa. Mtafunaji wa miraa naye aseme bila haya, kwa kuwa miraa hupandisha moyo na shinikizo la damu.

Kabla ya kutoka hospitali, ulizeni maneno haya na myaandike: ugonjwa unaitwaje, dawa hii ni ya nini, itamezwa kwa muda gani, na ni dalili gani itakayoturudisha mbio. Muuguzi hatakasirika, na akikasirika, ulizeni tena kwa upole. Wengi huacha dawa za kifua kikuu mwezi wa pili kwa kuwa wamepata nafuu, na hali dozi ya kawaida ni miezi sita. Wengine huziacha kwa kuona mkojo umekuwa mwekundu, wakidhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa yenyewe. Dawa hizo katika hospitali za serikali hazilipiwi.

Nije kwenye fedha, kwa maana najua wengi mmekuwa mkilingojea neno hili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ile bima ya zamani ya NHIF imekwisha, na mahali pake pamewekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kwa watu kama SHA. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa mia. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, kisha hukadiriwa, wala hakuna akadiriwaye chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Naye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Kujiandikisha huweza kufanywa kwa simu ya kawaida, kwa kupiga *147#. Yapo malalamiko mengi juu ya mpango huu, na mengine ni ya haki. Hata hivyo nawasihi mwelewe tofauti moja ambayo imewaponza wengi: kujiandikisha si kulipa. Aliyejiandikisha tu hupata huduma za zahanati na kituo cha afya. Atakapolazwa hospitalini ataulizwa kama ada yake imelipwa. Sisi huchanga shilingi elfu nyingi kwa harambee ya kumtoa maiti chumba cha maiti, na hatukuchanga mia tatu alipokuwa hai.

Na mkifika usiku na mgonjwa mahututi, mkaambiwa mweke kwanza amana ya fedha, jueni ya kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Itajeni kwa adabu, mtake kumwona msimamizi wa zamu. Hesabu ya fedha itakuja baadaye, na itakuja kweli; lakini mgonjwa atakuwa ndani.

Liko jambo moja ambalo halina haraka ya usiku mmoja, na bado kuchelewa ndiko kunakoua. Nasema habari za chakula kukwama kooni. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, imewapata watu wengi wa nyanda zetu za juu, na Meru si haba. Huanza kimya. Mzee aacha kula nyama, asema meno yamechoka. Kisha aacha githeri, apenda viazi vilivyopondwa. Kisha ni uji tu, na watu wa nyumbani wasema ni uzee, au ni vidonda vya tumbo, wakamnunulia tembe dukani miezi mitatu, minne. Tafadhalini: mtu yeyote ambaye chakula kigumu kinamkwama kwa muda wa wiki mbili asitibiwe kwa kukisia. Aombe barua ya kwenda hospitali penye mrija wa kutazama ndani ya koo. Ugonjwa ukionekana mapema waweza kupasuliwa. Ukichelewa, kazi ya daktari huwa ni kumpunguzia maumivu. Na juu ya chai yetu ya moto, mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kinywaji cha moto kupita nyuzi 65 kwa yamkini huleta saratani hiyo. Sisemi mwache chai. Iacheni ipoe kidogo kikombeni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta ombi mbele ya mkutano huu. Kwanza, kila mwanachama alitangaze neno lake la ruhusa nyumbani kwake kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na aliandike, likawekwe pamoja na vitambulisho. Pili, kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, wenye kushika fedha za gari la usiku, nao wawe na idhini ya kuzitoa papo hapo pasipo kungoja kikao, kisha waonyeshe stakabadhi kikao kitakapofuata. Tatu, vijana wetu wazima wa afya, wenye umri wa miaka 16 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 50, waandikishwe kuwa wachangiaji wa damu, na aina ya damu ya kila mmoja ijulikane, maana damu haitengenezwi kiwandani. Naomba mzee mmojawapo aliunge mkono, ili karani aliandike katika kumbukumbu za leo.