Furushi Lisilofunguliwa

Hotuba ya mwalimu mstaafu kutoka Nanganga mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi



Nashukuru kwa heshima ya kusimama mbele yenu katika juma hili la kuadhimisha miaka mia ya usharika wenu. Nimetoka Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi. Mimi si mnenaji. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano, na watoto hawadai ufasaha mwingi. Wazee walioniita walisema kuwa ziko familia changa za usharika huu zinazojiandaa kwenda nchi za nje kwa masomo na kazi, pamoja na watoto wao wadogo, kwa miaka miwili au mitatu. Walitaka nieleze jinsi mtoto anavyoishi ugenini ilhali kila siku anaambiwa kwamba watarudi nyumbani. Ulaya sijafika. Ila mtoto wa namna hiyo nimewahi kuwa.

Nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, mwaka 1960, mwaka ule ule ambao tarehe 16 Juni askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala pale Mueda. Vita vya FRELIMO vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Mwaka uliofuata kijiji chetu kiliteketezwa, nasi tukaondoka usiku: Baba, Mama, kaka yangu mwenye miaka tisa, mimi wa miaka mitano, na mdogo wetu wa kike mgongoni. Katika safari ile nakumbuka jambo moja tu kwa hakika. Kila tuliposikia sauti za watu, Mama alimpa mtoto titi, si kwa kuwa alikuwa na njaa, bali ili anyamaze.

Tulivuka kwa mtumbwi, tukapandishwa lori pamoja na wengine kuelekea Rutamba, wilaya ya Lindi. Hapa naomba niseme neno ambalo vijana wa Kilutheri huenda hawalijui. Makazi yale ya wakimbizi, pamoja na yale ya upande wa Songea, yaliendeshwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu ipate uhuru, nayo ilikuwa maskini. Hata hivyo watu waligawiwa ardhi, jembe, mbegu, na chakula cha kuwafikisha mavuno ya kwanza.

Sisi Rutamba hatukufika. Lori lilisimama Nanganga, karibu na daraja la mto Lukuledi, dereva ateke maji ya kutia kwenye rejeta. Mama alishuka na mtoto wake mgongoni, akakataa kupanda tena. Kaka yake mkubwa alikuwa amekuja huku zamani kukata mkonge katika mashamba ya Lindi, akaoa, akahamia Nanganga. Baba alimsihi: walioandikwa kwenye orodha ndio watakaopewa chakula. Mama akajibu, "Kwenye orodha hiyo sina ndugu. Hapa ninaye." Kwa Wamakonde mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana kauli. Lori likaondoka bila sisi.

Basi tukaishi kwa Mjomba, na Baba akasema ni kwa miaka miwili, au mitatu ikizidi. Neno hilo ndilo lililotawala nyumba yetu. Tuliposhuka kwenye lori Baba alikuwa na furushi la nguo lililofungwa kwa kamba ya katani. Aliliweka kichwani pa kitanda, akatukataza kulifungua, kwa sababu siku ya kuondoka haitakuwa na nafasi ya kufunga mizigo. Nyumba aliijenga ya fito na nyasi, ya kuezekwa upya kila baada ya misimu miwili, ingawa Mjomba alimwonyesha udongo mzuri wa kufyatulia matofali. Alipanda mihogo, mtama, kunde na njugu mawe, mazao ya kuvuna na kuacha.

Mama alitaka kupanda mikorosho. Jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Wenyeji humpa mgeni shamba la kulima mazao ya msimu kwa moyo mweupe, lakini mti wa kudumu ni dai. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kisha huendelea kwa miongo. Baba alisema, "Anayepanda mkorosho hapa ameshazika kwao." Mama hakubishana naye. Alikwenda kwa Mjomba, naye akaenda kwa wazee wa mji, akarudi na ruhusa ya miti kumi na miwili. Mama akaipanda.

Shuleni tulikuwa Wamawia. Hilo ndilo jina ambalo Wamakonde wa ng'ambo tuliitwa, na halikutamkwa kwa upendo kila mara. Mama alikuwa na nembo usoni na ndonya kwenye mdomo wa juu. Alipokuja shuleni kulipa ada yangu, nilijificha nyuma ya choo mpaka aondoke. Nasema haya mbele yenu kwa aibu, na nayasema kwa ajili ya wazazi: mwanao ugenini anaweza kukuonea haya hata wewe, na kosa lisiwe lako wala lake. Baada ya mwaka mmoja nilizungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, na Mama akinisemesha Kimakonde nilimjibu kwa Kiswahili.

Kaka yangu alipelekwa upande mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 FRELIMO ilikuwa na kituo cha elimu huko Tunduru, watoto wakifundishwa kwa Kireno, na Baba alimpeleka huko ili tutakaporudi awepo mmoja wetu wa kusoma barua ya serikali. Nilimwona Baba kuwa mkatili. Leo naona alihesabu vizuri, kwani kaka aliporudi Msumbiji alipata kazi ya karani mara moja. Ila watoto wawili wa tumbo moja walilelewa kwa lugha mbili na kwa nchi mbili, mmoja wao akiandaliwa kurudi na mwingine, bila mtu yeyote kuamua, akiandaliwa kubaki.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Wenyeji nao waliamriwa kuhama mashamba yao ya zamani, wakasogea kandokando ya barabara. Mikorosho ikabaki maporini. Mavuno ya korosho ya Tanzania, yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yalishuka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Zipo sababu nyingine, kama ubwiri unga na bei duni, lakini umbali wa miti ulichangia. Nakumbuka jirani mmoja, aliyekuwa akitucheka, alikuja kwa Mama jioni akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa sote tu Wamawia." Akacheka, na Mama akacheka naye.

Mei 1975 Samora Machel alivuka Ruvuma akaanza safari ya kwenda Lourenço Marques, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Miaka miwili ya Baba ilikuwa imefika kumi. Siku ya kuondoka alilitoa furushi na kulifungua kwa mara ya kwanza. Panya walikuwa wamekula kona moja. Ndani mlikuwa na kaniki ya Mama, suruali ya Baba, na shati langu la miaka mitano. Aliliinua, akanitazama mimi kijana wa miaka kumi na mitano, akalikunja tena.

Sikwenda nao. Mjomba alisema nibaki nimalize mtihani wa darasa la saba, mwaka mmoja tu, kisha niwafuate. Kama mtihani ndio sababu pekee, sijui. Kwa desturi yetu alikuwa na haki ya kudai mtoto mmoja. Mama hakusema kitu. Aliniachia mikorosho yake kumi na miwili. Punde vita vya RENAMO vikaanza, navyo havikwisha hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Baba alifariki katikati. Mama nilimwona mara mbili tu.

Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa Mei 2010, nami nikalivuka miaka miwili baadaye kwenda Mueda kuona kaburi la Baba. Kaka yangu alinipokea. Tukataka kuzungumza: yeye ana Kireno, mimi nina Kiswahili, na katikati tuna Kimakonde. Changu, alisema, ni Kimakonde cha mtoto wa miaka mitano. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mikorosho mikubwa. Akaniambia Baba aliipanda juma lile lile waliporudi, kabla hata ya kuezeka.

Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imewaka tena. Baada ya shambulio la Palma mwezi Machi 2021 watu walikimbilia Ruvuma kama sisi, wakiwa na watoto migongoni, na UNHCR ilieleza kwamba maelfu walirudishwa kupitia Negomano. Najua ulinzi wa mpaka una hoja zake, hasa baada ya watu kuuawa Kitaya mwaka 2020. Lakini mimi nilipokelewa, na siwezi kusimama katika ibada ya shukrani ya Walutheri nisiseme hivyo.

Kwa familia zinazosafiri sina orodha ya mashauri. Nawaomba tu mkifika mfungue mizigo siku ya kwanza, watoto wavae nguo zao zingali zinawatosha. Miti ya Mama tisa bado inazaa. Nimewaletea gunia moja la korosho, liko kwa mtunza hazina.