Hotuba ya Katibu: Jina la Asali Yetu



Kwa wale mliokuwa shambani siku ya mkutano, naandika hapa niliyoyasema, msije mkapata habari nusunusu. Mwandiko mnisamehe, kalamu nimeijulia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima.

Mwezi uliopita nilifika sokoni mjini nikakuta chupa za asali zimepangwa. Karatasi ni yetu kabisa: jina la kijiji, na picha ya yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Nikafurahi, nikadhani ni mzigo wetu. Kuonja, maji ya sukari! Nikamwuliza muuzaji, naye akanijibu, "Mzee, kwani ndege huyu mmemfuga?" Watu wakacheka. Mimi jibu sikuwa nalo. Na tangu hapo wanunuzi wetu wawili wameshalalamika kwamba asali yetu siku hizi si ile.

Mwaka jana kamati ilileta hoja ya kuandikisha alama yetu BRELA. Tuliikataa, na mimi ndiye niliyenyosha mkono wa kwanza, nikisema fedha ziende kwenye bati za ghala. Haya, bati zipo, hazivuji. Lakini ghala la asali isiyonunuliwa ni la nini?

Sikilizeni habari ya wenzetu wa Ethiopia. Mwaka 2005 serikali yao ilipeleka Marekani maombi ya kuandikisha majina ya kahawa yao: Yirgacheffe, Harar na Sidamo. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha huko kikapinga Harar na Sidamo, kikidai hayo ni majina ya kawaida tu ya aina ya kahawa. Walibishana, hawakukata tamaa, na mwaka 2007 kampuni kubwa ya Starbucks ikatia saini mkataba wa leseni wa majina yote matatu. Kahawa ilikuwa ileile, milima ileile. Kilichogombewa ni jina.

Hapo tujifunze pia kwamba jina la mahali peke yake lina taabu kuandikishwa, wala neno "asali" hakuna atakayetupa liwe letu. Nguvu yetu ni yule ndege, alivyochorwa. Kwa sheria ya mwaka 1986, alama ikishaandikishwa inalindwa miaka 7, kisha inahuishwa kila miaka 10. Lakini ulinzi huo ni wa Tanzania Bara. Haufiki Zanzibar wala Kenya. Huko ni maombi mengine.

Bibi mmoja aliniuliza kuhusu wimbo aliowatungia akina mama wa kikundi. Bibi, wimbo ni mambo ya hakimiliki, nayo haingoji cheti: ukishautunga ni wako, na baada yako wajukuu wanalindwa miaka 50. Kwa hiyo kijana aliyeurekodi kwa simu aje tuzungumze, kabla hajauuza.

Ninajua wapo wanaosema ada ni kubwa kuliko faida ya msimu. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, siwezi kuwacheka. Tutapiga kura upya Jumamosi, saa nne asubuhi, ghalani. Mwenye karatasi za zamani za chupa, au daftari la mauzo ya miaka ya nyuma, aje nalo hata kama limeliwa na mchwa, maana huenda tukahitaji kuonyesha tangu lini tunamtumia ndege huyo.