Kuoanisha Mkono wa Eksileta na Waya wa Gia Boksi Baada ya Kubadilisha Kabureta
Mada kwa semina ya mafundi wa magari, Mwanakwerekwe, Unguja



Kuna gia boksi za otomatiki zinazokufa katika gereji zetu bila ya kuwa na kosa lolote. Kabureta ya gari kongwe inabadilishwa, injini inawaka, sailensa inatulia, gari inakabidhiwa kwa mwenyewe. Hakuna aliyeuangalia waya unaotoka kwenye mkono wa kabureta kwenda kwenye gia boksi. Baadaye gari inarudi inaslipu, na lawama inamwangukia aliyeuza gia boksi iliyotumika. Leo nataka tuukubali ukweli mmoja: kazi ya kabureta haijaisha mpaka mkono wake uvute kila ulichokuwa ukivuta mkono wa zamani, kwa urefu ule ule.

Sababu za kubadilisha tunazijua. Shafti ya kabureta imelika na inavuta hewa pembeni, au gari ni Corolla ya mwisho wa miaka ya 1980 ambayo kabureta yake imezungukwa na vipira vya vakyumu ambavyo nusu yake vimeshakatika. Mwenye gari anataka kitu chepesi, na mara nyingi kinacholetwa ni kabureta ya injini nyingine ya Toyota, au Weber 32/36.

Gari za gia za mkono sitazikalia sana. Kwenye Morris Minor yenye SU, au Land Rover Series III iliyotolewa Zenith ikawekwa Weber, kubwa ni mambo mawili: pedali ikifika chini kipepeo cha kabureta kiwe kimefunguka kabisa, na pedali ikiachiwa kirudi chenyewe kwa haraka. Ila Weber 32/36 ina mtego wake. Ile iitwayo DGV na ile iitwayo DFV ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Shafti zao zinafunguka kwa mizunguko iliyopingana. Ukinunua bila ya kuangalia, waya wako utakuwa unavuta kufunga. Sisi tunaendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo hata brakti iliyokuja na kabureta ya gari ya usukani wa kushoto inaweza kuuleta waya kutoka upande usiofaa, ukajipinda kona kali karibu na manifoldi na kuanza kukwama.

Sasa otomatiki, ambako ndiko kwenye hasara.

Gia boksi nyingi za Toyota za familia ya A40, zile za injini ya kulala kwa urefu, na za familia ya A130 kwenye Corolla za kuvuta mbele, hazina kompyuta ya kuziambia dereva amekanyaga kiasi gani. Zinaambiwa na waya. Waya unasukuma vali ndani ya gia boksi, na vali hiyo inapandisha presha ya oili kadiri unavyokanyaga mafuta. Presha hiyo inafanya kazi mbili kwa pamoja: inaamua gia ibadilike lini, na inazibana klachi za ndani zisiteleze zikibeba mzigo. Wengi tunaijua ya kwanza tu. Ndiyo maana gari ikibadilisha gia mapema na kwa ulaini, mwenyewe hufurahi na fundi hupongezwa, kumbe klachi zinabanwa kwa nguvu ndogo na zinaungua taratibu.

Tusichanganye waya huu na ule wa kushusha gia peke yake. Kwenye TH350 ya Marekani, waya unashusha gia unapokanyaga mpaka chini, na kazi ya kupima mzigo wa injini inafanywa na vakyumu. Ukiukosea, utakosa kasi ya kupita gari nyingine, basi. Kwenye 700R4, iliyotoka mwaka 1982, waya ndio presha yenyewe, kama kwenye Toyota zetu. Huko kwao gia boksi hizo ziliharibika nyingi kwa sababu watu waliweka kabureta za Holley bila ya kurekebisha mkono.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mkono ambao waya umelala kwenye mfereji wa mviringo, milimita 25 kutoka kitovu cha shafti. Kipepeo kikizunguka nyuzi 80, waya unavutwa karibu milimita 35. Weka mkono wa milimita 32, waya ule ule utavutwa karibu milimita 45. Zimeongezeka milimita 10, na kwa macho mikono yote miwili inaonekana sawa.

Toyota imetuwekea alama. Kwenye waya wa ndani kuna kifundo kilichobanwa. Mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho, nafasi kati ya kifundo na mwisho wa kipira cha ala ya nje iwe kati ya 0 na milimita 1. Wengi tunaishia hapo, na hapo hapatoshi kama mkono si wa asili. Ukiwa na mkono mrefu ukasawazisha sehemu ya mwisho, waya utalegea kwenye sailensa na presha itakuwa ndogo katika mwendo wa kawaida wa mjini, ambao ndio mwendo wetu wa kila siku hapa njia panda ya Mwanakwerekwe. Ukiwa na mkono mfupi, waya utabaki umevutwa hata mguu ukiwa juu, na gia zitachelewa kubadilika na kugonga. Ncha zote mbili lazima zikubaliane. Zisipokubaliana, kuzungusha nati za brakti ni kupoteza muda. Kinachotakiwa ni kuchongesha mkono mwingine, au kuuhamisha ule wa asili kwenye shafti mpya kama shimo lake linaingia.

Brakti nayo isiwe ya bati jembamba. Pleti ya chuma ya milimita 3 haijipindi waya unapovutwa. Bati litajipinda, na kipimo ulichokipata gari imesimama kitapotea barabarani. Waya wa breki ya baiskeli usiutumie kabisa kwa kazi hii. Springi za kurudisha kipepeo ziwe mbili, kila moja na ndoano yake, kwani chumvi ya bahari inakula springi kisiwani kwetu, na eksileta iliyokwama ni roho ya mtu. Kila kipimo kichukuliwe kwa msaidizi kukanyaga pedali, zulia likiwa mahali pake. Usivute mkono kwa kidole ukaridhika.

Unguja ni tambarare, na klachi inayoslipu inaweza kujificha muda mrefu kwenye njia ya Fuoni hadi Tunguu. Jaribuni gari kwenye mwinuko wa Masingini ikiwa na abiria. Mwenye geji ya presha aifunge kwenye tundu la kupimia la gia boksi na alinganishe na kitabu cha gari hiyo.

Ombi langu kwenu ni moja. Kabla ya kufungua kabureta ya zamani, pima mambo matatu uyaandike: umbali wa waya kutoka kitovu cha shafti, urefu ambao waya unavutwa toka sailensa hadi mwisho, na upande ambao mkono unazunguka. Kabureta ya zamani ikishauzwa kwa chuma chakavu, vipimo hivyo huvipati tena.