Kuondoa Rangi ya Chini Katika Boti za Faibaglasi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kate, Wilaya ya Nkasi)



Wengi wenu hapa Kate ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, na huenda mnajiuliza boti inawahusu nini. Chama cha akiba na mikopo kinapomkopesha mvuvi wa Kirando au Kipili fedha za boti, jasho la mkulima nalo limeingia ziwani. Boti ndiyo dhamana. Ikiharibika, deni hubaki palepale.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu boti kwa siku moja. Ilikuwa imetumika miaka mingi pwani, na chini yake palikuwa na tabaka juu ya tabaka za rangi nyekundu. Kwa kuwa nilizoea vyombo vya mbao na vya chuma, nilichukua moto wa gesi. Rangi ilibanduka kama ganda la ndizi nami nikajisifu. Kesho yake nilipogonga ubavu kwa mpini wa kisu, badala ya mlio mkavu paliitika kama boga bovu. Joto lilikuwa limeachanisha tabaka za nyuzi na gundi yake. Gharama ya kuziba ilizidi mbali bei ya rangi mpya.

Ngozi ya nje ya faibaglasi ina unene wa takriban nusu milimita tu, nayo ndiyo inayozuia maji yasipenye. Kwa hiyo moto usitumike kabisa, wala dawa kali ya kubandulia rangi ya magari, kwa maana huyeyusha ngozi hiyo pamoja na rangi. Mashine ya kusugua, mikononi mwa fundi mwenye haraka, huacha mashimo. Kinachofaa ni skrepa ambayo pembe zake zimeviringishwa kwa tupa, kisha msasa wa maji. Boti iloweshwe muda wote. Kazi ni ya polepole, na kibarua atanung'unika. Mlipeni kwa boti, si kwa siku.

Maji hayo si kwa ajili ya kulainisha tu. Rangi za namna hii huwa na shaba, nanyi mliowahi kushika mrututu mnaijua sumu ya jamii hiyo. Vumbi lake kavu huingia mapafuni, na kitambaa cha kufunga pua hakitoshi. Inunuliwe barakoa ya vumbi yenye kichujio. Chini ya boti litandikwe turubai, na kazi ifanywe mbali na ufuko. Mabaki yafungwe na kufukiwa mbali na visima na mito, wala yasichomwe. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, na kinachoingia hukaa humo muda mrefu sana. Dagaa wetu wamo humohumo.

Baada ya kubandua, rangi ya sumu isirudishwe bila sababu. Ilitengenezwa hasa kwa ajili ya bahari, ambako viumbe vyenye magamba hujibandika chini ya vyombo. Ziwani kwetu huota utelezi wa kijani, ambao hutoka kwa brashi na maji, hasa kwa boti inayovutwa nchi kavu mara kwa mara. Yakionekana malengelenge, yapasuliwe na boti iachwe ikauke majuma kadhaa kabla ya kuzibwa.

Nafasi nzuri ni kiangazi. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na boti zilikaa bure ufukoni. Vyama vilivyotumia siku hizo kukwangua havikupoteza hata usiku mmoja wa kuvua.

Ndugu Makatibu, hati ya matengenezo ikiletwa mezani ikiwa imeandikwa "kuchoma rangi", msiitie sahihi. Kwanza nendeni mkagonge ubavu wa boti kwa mpini wa kisu. Skrepa niliyoitengeneza nimeiweka pale mlangoni. Anayetaka kuipima pembe zake aichukue.