Malale: Tusijitwishe Mzigo Bila Mapatano
(Hotuba kwa wanachama, Tabora)



Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Tabora, ikafika Ujiji. Mizigo ilikwenda vichwani na mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi. Kwa nini haikubebwa na wanyama? Sababu moja kubwa ni mbung'o. Punda na ng'ombe walikufa njiani, basi babu zetu wakabeba.

Mbung'o wapo hata leo katika miombo ya Urambo na Kaliua. Huchukua vijidudu vya malale kutoka kwa ng'ombe na wanyama wa porini kama pongo, wakatuambukiza sisi. Mgonjwa asipotibiwa, vijidudu huingia ubongoni, naye hufa.

Hata dawa zimetuumiza. Mwaka 1906 na 1907 Profesa Robert Koch wa Ujerumani aliwajaribia wagonjwa wa visiwa vya Sese, Uganda, dawa ya atoksili, yenye sumu ya aseniki. Baadhi yao walipofuka. Baadaye ikaja melasoproli, nayo ina aseniki.

Je, tukatae majaribio? Hapana! Bila majaribio hatupati dawa iliyo bora. Kati ya 2006 na 2009, wagonjwa 138 wa kituo cha afya cha Kaliua na hospitali ya Lwala, Uganda, walitibiwa kwa utaratibu mpya wa melasoproli: sindano siku 10 mfululizo. Muda wa kulazwa ulishuka kutoka siku 29 hadi 13. Kwa mkulima wakati wa palizi, siku 16 si kitu kidogo. Lakini wagonjwa kama 8 katika kila 100 waliendelea kufa. Dawa ilikuwa ile ile.

Ndipo kuanzia 2019, huko Malawi na Uganda, wagonjwa 45 wakajaribiwa vidonge vya feksinidazoli, visivyo na aseniki. Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Umoja wa Ulaya wakavikubali kwa malale ya aina yetu. Ushahidi waliousoma wakubwa wale ulitoka katika miili ya wanavijiji wenzetu.

Kwa hiyo, ndugu, watafiti wakija, tuwakaribishe, na tuwaulize mambo matatu. Kwanza, dawa hii ina hatari gani? Watueleze kwa Kiswahili au Kinyamwezi, si kwa karatasi ya kutia sahihi tu. Pili, mtu akidhurika, nani atamtunza? Tatu, dawa ikifaulu, itafika zahanati zetu?

Maswali haya si ya mgonjwa peke yake. Malale yakifika ubongoni, mtu huweza kuchanganyikiwa, hawezi kuamua. Anayeulizwa ni mkewe, au kaka yake, yuko nje ya wodi na hofu moyoni. Asipofahamu tangu leo, siku hiyo atakubali lolote. Kazi ya kila tawi ni kumfahamisha sasa, na kumhimiza kila mwenye homa aliyeumwa na mbung'o aende kupimwa mapema.

Babu zetu walikuwa wapagazi hodari, lakini hawakuwa wajinga. Walipatana kwanza ujira na posho, ndipo wakajitwisha mzigo. Nasi tupatane kwanza, ndipo tutoe mkono upigwe sindano.